Nyangumi Asiyehama



Katika likizo iliyopita tulijaaliwa kuuzuru mji wa Maskati, ambako wengi wenu mna jamaa. Alfajiri moja tulipanda boti pamoja na babu yetu, mzaliwa wa Unguja, tukatoka baharini kwa nia ya kumwona nyangumi. Nyuma yetu ngome mbili za kale, Jalali na Mirani, zilikuwa zimesimama juu ya majabali yao, zikiilinda bandari.

Waliotupokea kwanza ni pomboo. Pomboo wa aina ile huruka juu ya maji wakazunguka kama pia, na huweza kuzunguka hata mara saba kabla ya kuanguka. Watoto walishangilia, lakini nyangumi hakutokea. Mdogo wao, aliyezaliwa ughaibuni, akasema kwa masikitiko: "Babu, labda amerudi kwao."

Babu akamjibu: "Huyo kwao ni papa hapa, mjukuu wangu."

Jawabu hilo lilitushangaza. Tulipofika nchi kavu tukalichunguza, tukakuta kwamba mzee amesema kweli.

Nyangumi mwenye nundu ni mnyama wa kustaajabisha. Huweza kufikia urefu wa mita 15 na uzito wa tani 30, naye hana hata jino moja. Hula dagaa na vijidudu vya baharini kwa kuyachuja maji kinywani mwake. Madume yao huimba, na mabaka yaliyo chini ya mkia hayafanani kwa nyangumi wawili, kama vile alama za vidole vyetu.

Nyangumi hawa ni wasafiri mashuhuri. Wale wanaoonekana pwani ya Kenya na Zanzibar kati ya Julai na Oktoba hutoka katika bahari ya baridi kali iliyo karibu na ncha ya kusini ya dunia. Huenda maelfu ya kilomita ili kuzaa katika maji ya joto, kisha hurejea kwenye baridi kutafuta chakula.

Ndugu zao wa Omani hawafanyi hivyo. Hukaa katika Bahari ya Arabuni mwaka mzima. Humo hula na humo huzaa. Mwaka 2017 jike mmoja aliyepewa jina la Luban, yaani ubani, aliwekewa chombo cha kumfuatilia, akaonekana amevuka mpaka pwani ya India.  Wataalamu waliochunguza nasaba yao wanakadiria kwamba wamejitenga na wenzao kwa muda wa miaka 70,000 hivi.

Basi wanapata wapi riziki pasipo kwenda kwenye baridi? Jawabu ni kusi. Upepo huo unapovuma kwa nguvu miezi ya Juni hadi Agosti, huyasukuma maji ya juu mbali na pwani ya Omani, na maji baridi ya kilindini hupanda yakiwa na rutuba nyingi. Samaki huongezeka, na nyangumi hushiba bila kuhama.

Tulipomsimulia babu habari hizo, alinyamaza kitambo. Kisha akasema kwamba kusi ndio upepo waliokuwa wakiusubiri manahodha wa majahazi pale Unguja. Kaskazi iliwaleta kutoka Arabuni, na kusi ikawarudisha. "Kumbe upepo uliotuleta sisi," akasema, "ndio unaomfanya yeye abaki."

Leo nyangumi wa bahari hii wanakadiriwa kuwa hawafikii 100. Mwaka 1966 meli za Kisovieti ziliua zaidi ya 200 kwa muda mfupi, na hivi sasa hunaswa katika nyavu au hugongwa na meli. Wakimalizika, hakuna wengine watakaokuja kutoka mbali kushika nafasi yao.

Tulipokuwa tukishuka botini mjukuu alimshika babu mkono, akamwuliza: "Na sisi, babu, kwetu ni wapi?" Babu alicheka, akaanza kumhadithia habari za jahazi la baba yake. Hadithi haikwisha mpaka magharibi.

Nanyi, watoto wetu, mkiwa na mzee aliyewahi kuungojea upepo wa kusi, mwulizeni habari zake angali yupo.