Amana ya Yatima na Sheria za Nchi Tatu



Ndugu yetu alipofariki, fungu la mirathi la mwanawe wa miaka tisa tulikabidhiwa sisi, ami na shangazi zake, tulitunze hadi atakapobaleghe. Mmoja wetu anaishi Dubai, mwingine Dar es Salaam, na sisi wengine tuko Mombasa.

Kaka yetu wa Dubai ndiye aliyetoa rai kwamba tununue sarafu za kidijitali. Alisema kweli kuwa huko biashara hiyo ina utaratibu, kwani tangu mwaka 2022 Dubai ina mamlaka maalumu ya kuwapa leseni wauzaji na kuwasimamia. Dada wa Dar es Salaam akashangaa. Kwao, mwaka 2019, Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kuwa fedha halali ni shilingi tu, na sarafu hizo haizitambui. Hata hivyo, mwaka 2024 sheria ya fedha iliweka kodi ya asilimia 3 kwa mali za kidijitali. Nasi wa Mombasa tulikumbuka onyo la Benki Kuu ya Kenya la mwaka 2015. Baada yake ilipita takriban miaka kumi bila ya sheria ya kuwapa leseni wauzaji. Sheria hiyo ilipatikana mwaka 2025, na usimamizi ukawekwa kwa Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji.

Tulikuwa na kovu letu pia. Mwaka 2021 tulipoteza shilingi 80,000 za akiba yetu kwa muuzaji wa mtandaoni. Tulipokwenda kushtaki tuliulizwa swali moja: kampuni hiyo imesajiliwa nchi gani? Hatukuwa na jibu, na shauri likaishia hapo.

Basi tukamwambia kaka kwa upole kuwa leseni ya Dubai haivuki bahari pamoja na fedha. Mali ikipotea, yatima huyu wa Mombasa atasimama mbele ya kadhi gani, na atamdai nani? Mtu akihatarisha mali yake, hasara ni yake. Amana ya yatima si yetu kuijaribia.

Kaka alinyamaza kitambo, kisha akaridhia. Kwa shauri la mamake mtoto, tukajenga vyumba viwili vya kupangisha katika kiwanja alichoachiwa na babake. Kodi ni ndogo, lakini mlango tunaujua, na daftari lake analisoma mwenyewe.

Hatusemi kuwa sarafu hizi ni mbaya zote. Masheikh wenyewe wamekhitilafiana. Tunawausia wazazi wenzetu waulize kabla ya kutoa fedha: nani kampa muuzaji leseni, katika nchi gani, na sisi tulio hapa tutamshtaki wapi? Asiyekuwa na jibu la matatu haya, na aizuie amana ya watu.

Wabillahi tawfiq.