Bunduki ya Moshi

Mjukuu wangu alirudi nyumbani kutoka Jeshi la Kujenga Taifa. Jioni tulikaa chini ya mwembe, hapa kijijini kwetu karibu na Tabora. Akaniuliza: "Babu, kwa nini majeshi hubadili bunduki? Si bunduki zote zinaua?"

Mimi si ofisa wa jeshi. Mimi ni mkulima wa tumbaku na mahindi. Lakini swali hilo liliigusa familia yetu zamani, na tulilipia kwa damu. Nilimweleza kijana. Sasa nakueleza na wewe.

GOBORI LA NJIA YA MISAFARA

Unajua kwamba Tabora ilikuwa njia panda ya misafara. Njia kubwa ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikaenda Ujiji. Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu mpaka pwani. Waliporudi walibeba nguo, shanga, baruti na bunduki.

Bunduki hizo zilikuwa magobori. Unamimina baruti kwa mdomo wa mtutu. Unaweka risasi. Unashindilia kwa mdeki. Ndipo unapiga mara moja tu, kisha unaanza upya.

Je, zilitoka wapi? Katika miaka ya 1860 na 1870 majeshi ya Ulaya yalichukua bunduki mpya, zinazotiwa risasi kwa nyuma. Za zamani hazikutupwa. Ziliuzwa kwa wafanyabiashara, na nyingi zikaletwa Afrika. Jeshi likibadili bunduki, ile ya zamani huenda kwa mtu mwingine.

Mtemi Mirambo wa Urambo alijenga jeshi la rugaruga kwa bunduki za namna hiyo. Alipigana na Waarabu wa Tabora, akaitawala njia ya misafara. Alikufa mwaka 1884. Lakini baruti yake yote ya nguvu ilitegemea biashara. Alitoa pembe, akapata silaha.

Mwaka 1890 mataifa makubwa yalikutana Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji. Yalikubaliana kuzuia bunduki za kisasa zisiuzwe katika sehemu kubwa ya Afrika. Gobori liliweza kuuzwa kwa masharti, lakini bunduki mpya ilipigwa marufuku. Januari mwaka 1893 Wajerumani walivamia boma la Mtemi Isike hapa Tabora. Isike hakutaka kukamatwa. Aliingia katika ghala lake la baruti, akalilipua.

Hilo ni somo la kwanza. Anayenunua bunduki asisahau kuuliza nani ana ufunguo wa duka.

BUNDUKI YA MOSHI

Wajerumani walipotawala, waliandika Waafrika kuwa askari. Wengi walipewa bunduki ya Mauser ya mwaka 1871. Ilikuwa bora kuliko gobori, maana risasi iliingia kwa nyuma. Lakini iliingia moja moja. Tena baruti yake ilikuwa ile nyeusi, yenye moshi mzito.

Huko Ujerumani kwenyewe bunduki hiyo ilikuwa imezeeka. Mwaka 1888 jeshi lao lilichukua bunduki yenye baruti isiyo na moshi mwingi. Mwaka 1898 likachukua Mauser mpya iliyobeba risasi tano. Lakini huku koloni askari wengi waliachiwa ile ya 1871. Silaha mpya ni gharama. Na wakoloni waliona ya zamani yatosha kuwapiga wananchi wenye mikuki na magobori.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza Agosti 1914, koloni lilikuwa na askari kama 2,500. Kombania nyingi zilikuwa bado na bunduki ya moshi. Na sasa adui hakuwa na gobori. Alikuwa na bunduki ya kisasa na bombomu.

Kaka yake babu yangu alikuwa mmoja wa askari hao. Babu mwenyewe alikuwa mpagazi wa kombania hiyo hiyo. Babu alisimulia hivi: "Kaka alijificha vizuri nyuma ya mninga. Hakuna aliyemwona. Akapiga risasi moja. Moshi mweupe ukapanda juu ya mti kama moshi wa jiko. Kabla hajatia risasi ya pili, walikuwa wamekwisha jua alipo."

Babu alikuwa akinyamaza hapo. Sisi watoto tulijua kwamba kisa kimekwisha.

Basi, nikamwambia mjukuu wangu: ndiyo, bunduki zote zinaua. Lakini nyingine humwua pia aliyeishika.

KUCHAGUA PASIPO DUKA

Mkuu wa jeshi la Wajerumani hapa aliitwa Paul von Lettow-Vorbeck. Yeye alijua kwamba bunduki ya 1871 haifai tena. Lakini manowari za Waingereza zilikuwa zimefunga bahari. Wakati wa kubadili ulikuwa umepita.

Basi wakabadili kwa kubahatisha. Novemba 1914 Waingereza walishindwa Tanga. Waliacha mamia ya bunduki, bombomu 16 na maelfu kwa maelfu ya risasi. Wajerumani wakazichukua, wakawapa askari wao.

Aprili 1915 meli iitwayo Rubens ilifika kwa siri kutoka Ujerumani. Manowari ya Waingereza iliipiga, ikakwama katika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Waingereza walidhani imekwisha, wakaondoka. Wajerumani wakatoa humo bunduki mpya kama 1,800 na risasi nyingi. Lakini risasi zilikuwa zimelowa maji ya chumvi. Zikafunguliwa, baruti ikaanikwa, zikafungwa tena.

Tazama sasa taabu yao. Jeshi moja lilikuwa na bunduki ya moshi, Mauser mpya, na bunduki ya Kiingereza. Kila moja ina risasi yake. Risasi ya hii haiingii katika ile. Ukimpelekea askari sanduku lisilo lake, umempelekea mzigo wa chuma tu.

Na sanduku lile nani alilibeba? Ni babu yangu na wenzake. Reli ya Kati ilikuwa imefika Tabora mwaka 1912, lakini vita haikufuata reli. Jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo liliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Wajerumani wakakimbilia kusini, na wapagazi wakatembea pamoja nao. Katika vita ile, pande zote, wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu. Wengi hawakupigwa risasi. Waliuawa na njaa, kuhara, malaria na uchovu.

Novemba 1918 von Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha zake huko Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala, nchini Zambia. Alitoa bunduki 1,071. Zote zilikuwa za Kiingereza na za Kireno. Risasi za kwao zilikuwa zimekwisha, wakabaki na silaha walizomnyang'anya adui. Bunduki nzuri bila risasi ni rungu.

BAADA YA UHURU

Jeshi letu la Wananchi liliundwa tarehe 1 Septemba 1964. Nalo lilihitaji silaha. Marafiki wetu wa China walitoa msaada wa mafunzo na silaha. Kati yake zilikuwamo bunduki za namna mbili ambazo watu wetu huziita SAR na SMG. SAR hubeba risasi kumi. SMG hubeba thelathini, na huweza kupiga mfululizo.

Lakini sikiliza jambo lililonifurahisha mimi, mjukuu wa mpagazi. Zote mbili hutumia risasi ya namna moja. Sanduku moja lawafaa askari wa SAR na wa SMG. Babu angeipenda habari hiyo.

Tena katika miaka ya 1970 nchi yetu ilianzisha Shirika la Mzinga huko Morogoro, la kutengeneza risasi. Mirambo hakuwa na kitu hicho. Isike hakuwa nacho.

MASWALI MATANO

Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Ni kweli, tusitupe cha zamani kwa sababu kipya kinang'aa. Lakini wako pia wanaong'ang'ania cha zamani kwa sababu si wao wanaokishika. Wakubwa wa koloni walifanya hivyo, na kaka yake babu akafa.

Kwa hiyo nilimpa mjukuu wangu maswali matano ya kuuliza juu ya bunduki yoyote mpya:

1. Je, itamlinda anayeishika, au itamchongea?
2. Risasi zake zitatoka wapi, na nani aweza kuzizuia?
3. Je, risasi hizo zafaa katika bunduki tulizo nazo?
4. Ikiharibika porini, askari wa kawaida ataweza kuitengeneza?
5. Nani ataibeba, na kwa umbali gani?

Na yote yaulizwe wakati wa amani. Vita ikianza, bahari imefungwa.

Ndugu msomaji, usiseme mambo haya ni ya wakubwa peke yao. Silaha hununuliwa kwa kodi yetu. Wanaozishika ni watoto wetu.

Mjukuu wangu alinyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Babu, yule askari aliitwa nani?"

Nilimtajia jina. Halikuwa limeandikwa mahali popote. Babu hakujua kuandika, na mimi nilijifunza ukubwani. Kijana akatoa kalamu, akaliandika katika daftari lake. Chini yake akaandika jina la babu, mpagazi.