Ubao Uliooza



Mwezi uliopita, hapa Bagamoyo, tulingoja maji ya bamvua tukaikokota pwani mashua kuukuu ya jumuiya yetu. Nia yetu ilikuwa kuikalafati, kuipaka deheni, na kuirudisha baharini bamvua lijalo.

Mzee fundi aliizunguka akigonga kila ubao kwa mpini wa tezo. Karibu na mkuku mlio ukabadilika. Tukamsihi apazibe kwa pamba tu, kwani nyumba nne hupata riziki yao kwa mashua hiyo. Akajibu, "Padre, pamba hushikwa na ubao mzima. Uliooza haushiki kitu."

Akaung'oa. Nyuma yake mataruma mawili yalikuwa yamelainika kama mkate. Ikambidi atafute matawi yaliyopinda yenyewe tangu mtini, ayachonge, atoboe kwa keekee, apigilie ubao mpya, na kushindilia pamba yenye mafuta katika maungio. Deheni, yaani chokaa na shahamu, ilikuja mwisho kabisa.

Bamvua likapita tungali nchi kavu. Kwa majuma mawili zaidi tukagawana unga na nyumba zile nne. Liliporudi, tukaishusha mashua. Maji kidogo yaliingia, mbao zikavimba, yakakoma.

Ni mara ngapi tumeupaka deheni ugomvi wa nyumbani, tukasalimiana kwa tabasamu ilhali chini pameoza? Tuung'oe ubao huo kwanza, hata bamvua likitupita. Lingine litakuja, chombo kikizama, hakirudi.