Ziwa Si Beseni

Kwa miaka 33 nilifundisha Kiswahili katika shule za sekondari, na kila mwaka nilipofika kwenye somo la tashbihi niliwaambia wanafunzi wangu kwamba mfano mwema ni ule unaomwonyesha msikilizaji kitu asichokijua kwa njia ya kitu anachokijua. Ndivyo nilivyofundishwa chuo cha ualimu, nami ndivyo nilivyofundisha. Sikuwahi kuwatahadharisha kwamba msikilizaji anaweza kuuamini mfano, akauingia kwa miguu yake miwili.

Nilipostaafu nilibaki Mbeya. Binti yangu anaishi Dar es Salaam, na kila likizo ya Juni huniletea wanawe watatu, ambao wakati wa kisa hiki walikuwa na miaka 11, 8 na 6. Ni watoto wa bahari. Kutembea wamejifunzia mchangani, na ufuko wa Kigamboni wanaujua kama mimi nijuavyo ubao. Basi mwaka juzi, walipochoka na baridi ya Mbeya na kuanza kuniuliza kila asubuhi tutakwenda wapi, niliwaahidi maji. Jumamosi alfajiri tulishuka: tukapita Tukuyu penye chai na migomba, tukaingia Kyela penye mpunga na kakao, hewa ikibadilika ndani ya gari mpaka masweta yakavuliwa moja moja, kisha Ipinda, kisha Matema, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa.

Anayetafuta mahali pa kushinda na watoto kando ya ziwa, Matema ni mahali pa kupafikiria. Mchanga ni laini na mpana, kuna vivuli vya miti, na maji hayana chumvi ya kumchoma mtoto macho. Usipa huanikwa juani, na watoto watauliza maswali mpaka ule muda wa chakula. Upande wa mashariki Milima ya Livingstone imesimama kama ukuta, ikiingia ziwani bila kuacha nafasi. Nawaomba wasomaji waikumbuke hiyo milima. Mimi niliitazama nikaisifu, sikuisoma.

Tulipofika ziwa lilikuwa limelala. Mjukuu wa kati alisimama ukingoni, akaangalia kushoto na kulia kama mtu anayetafuta alama, akaniuliza: "Bibi, maji yatatoka saa ngapi?"

Mwalimu wa lugha akiulizwa swali kama hilo husahau kwamba amekuja kupumzika. Niliwakalisha chini. Niliwaeleza kwamba neno pwani limetokana na kitenzi pwa: pwani ni pale maji yanapokupwa, mchanga ukabaki wazi, kisha yakarudi kujaa. Watu wa mwambao wameipimia maisha yao hapo. Wana bamvua, maji yanapojaa sana na kupwa sana; wana maji mafu, yanapokosa nguvu; wana diko, mahali mashua zinapofikia. Huku bara maneno hayo hayana kazi. Ziwa hupanda na kushuka kwa majira ya mvua, si kwa saa. Wavuvi wa maziwani husema mwalo pale watu wa bahari wanaposema diko. Na hata jina Nyasa, niliwaambia, asili yake ni neno la Kiyao lenye maana ya ziwa, kwa hiyo tunaposema Ziwa Nyasa tunasema ziwa mara mbili. Mkubwa alicheka. Mdogo alikuwa bado na swali la kaka yake kichwani.

"Kwa hiyo maji hayaendi popote?"

"Hayaendi popote," nikamjibu. "Ziwa ni kama beseni. Maji yamekaa mumo humo."

Niliridhika na mfano huo. Ulikuwa mfupi, wa nyumbani, na ulimwelea mtoto wa miaka 6. Ningemsikia mwanafunzi akiutoa darasani ningempa alama zote.

Wakaoga asubuhi nzima kwenye mchanga mpana, mimi nimekaa kivulini, na hapakuwa na neno. Mchana nikawapeleka Lyulilo, mwendo mfupi kuelekea milimani, kwa sababu Jumamosi huwa na soko la vyungu. Wanawake wa Kikisi wa kijiji cha Ikombe hufinyanga vyungu ambavyo kila jiko la Mbeya linavijua, na huvivusha kwa mitumbwi hadi sokoni. Kwa mtu anayependa vitu vilivyotengenezwa kwa mkono, kuona mtumbwi ukishusha vyungu vilivyopangwa vikishikiliwa na nyasi kavu ni furaha kubwa. Nilikuwa nimeinama nikigonga chungu kwa kidole nisikie mlio wake. Wajukuu niliwaacha ukingoni, hatua kumi nyuma yangu. Ziwa lilikuwa lilelile. Mtoto alikuwa yuleyule aliyeoga asubuhi nzima.

Sikusikia kelele. Watu hudhani mtoto anayezama hupiga kelele. Hapigi, mdomo wake una kazi nyingine. Nilichosikia ni maji yakipigwa na mtu mzima. Nilipogeuka nilimwona mama mmoja aliyekuwa akiosha vyombo amezama hadi kifuani, khanga inaelea nyuma yake, mkono wake umemshika mjukuu wangu kwenye kwapa. Alimtoa, akamwinamisha, mtoto akatapika maji na kuanza kulia. Kulia kwake ni sauti nzuri kuliko zote nilizopata kuzisikia.

"Huku kuna mteremko, mama," akaniambia, akionyesha kwa kidevu upande wa magharibi tulikotoka. "Watoto wetu wanaogea kule." Hakuongeza kitu. Alirudi kukusanya sufuria zake, moja ilikuwa imekwenda na maji. Nilimwambia ndaga fijo mara nyingi mpaka akaona haya. Nilitaka kumlipa ile sufuria, akakataa, mwishowe nikamwekea hela mtoto wake mkononi.

Tulipokuwa njiani kurudi, mdogo amelala mapajani pangu, mkubwa alisema kwa sauti ya chini, si kwa kunishitaki, kama mtu anayekamilisha hesabu: "Alikuwa anaenda kukaa chini. Bibi alisema ni beseni."

Fikirini beseni la nyumbani. Lina ukingo, na ukiuvuka umeshafika chini. Chini kwake ni sawa pande zote. Maji yake hayazidi kitovu, na mtoto huingia ili akae. Kila kitu ambacho mtoto yule alikijua kuhusu beseni nilimhamishia ziwani kwa sentensi moja. Mimi nilikusudia jambo moja tu katika mfano, kwamba maji hayatoki. Yeye alichukua mfano mzima. Kwa miaka 33 nilikuwa nikiita hilo "sifa ya pamoja" na kulipigia mstari ubaoni, lakini sikuwahi kuuliza zile sifa zisizo za pamoja zinakwenda wapi.

Jioni ile nilimpigia binti yangu. Nilifikiri kwanza kumwambia kwamba mtoto "alikunywa maji kidogo". Lugha yetu ni tajiri wa maneno ya kupunguza uzito, na ninayajua mengi. Nikamwambia alizama, nami nilikuwa nimempa mgongo. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Sawa, Mama. Nipe niongee naye." Miezi mingi baada ya hapo alizungumza nami vizuri, kwa adabu zote, kama mtu anavyozungumza na mwalimu.

Niliyojifunza baadaye nilipaswa kuyajua kabla. Ziwa Nyasa limo katika Bonde la Ufa, na kina chake kirefu kabisa kinazidi mita 700. Ile milima ya mashariki haikomei ukingoni. Inaendelea kushuka chini ya maji kwa ukali uleule. Ukitaka kujua maji yaliyo mbele yako, tazama nchi iliyo nyuma yako: penye tambarare na mchanga mpana, kwa kawaida maji hurefuka polepole, penye mlima unaogusa ziwa, hatua tatu zinatosha kukupoteza. Asubuhi tulioga mbele ya tambarare, mchana tukahamia mbele ya mlima, nami nikadhani ni maji yaleyale.

Yapo na mengine ambayo mzazi wa pwani hayabebi kichwani. Mahali mto unapoingilia ziwani si pa kuogea watoto, maana mamba hupapenda. Penye matete na maji yaliyotuama kuna konokono wanaobeba kichocho. Mchanga wazi unaopigwa na mawimbi ni afadhali, ingawa si kinga kamili, na mtoto aliyeoga ziwani akapimwe baadaye hata kama haumwi. Na miezi ya Juni hadi Agosti kuna mwera, upepo wa kusini unaokuja na urefu wote wa ziwa mgongoni mwake. Asubuhi unaona kioo, alasiri mawimbi yanampiga mtu mzima magotini. Kwa hiyo na watoto ogeni asubuhi, mchana mkae kivulini na wali wenu. Juu ya yote, mtu mzima akae ndani ya maji, si kando ya maji. Mimi nilidhani kutazama ni kulinda.

Mwaka uliofuata binti yangu hakuwaleta watoto Juni. Sikuuliza. Wakati huo nilikuwa nikitafuta maneno ya kuweka mahali pa beseni, na kila mfano nilioujaribu ulikuwa na tundu. Ziwa ni kama ngazi? Ngazi huonekana. Ni kama kisima? Mtoto wa Dar es Salaam anajua bomba. Nikaona kwamba mtoto hahitaji kuambiwa ziwa linafanana na nini. Anahitaji kipimo anachotembea nacho. Ajabu ni kwamba Kiswahili kina neno moja, kina, kwa urefu wa maji kwenda chini na kwa mlio unaofunga kipande cha mshororo, nami nilikuwa nimeshughulikia kimoja umri wangu wote. Nikatunga ubeti huu, nikamtumia binti yangu kwa simu bila maelezo:

Mjukuu shika neno, usilitupe njiani,
Ziwa halina mfano, wa beseni la nyumbani,
Tushikane kwa mkono, maji yafike gotini,
Goti likizama, rudi, bibi yu nawe majini.

Wenye masikio makali wataona kwamba kina cha kati kimebadilika kwenye kituo. Nimekiacha. Nilijaribu maneno mengi yenye kuishia na -no mahali pale, na hakuna hata moja lililosema "rudi".

Septemba, katika likizo fupi, walikuja wote, na mama yao akaja nao. Tulishuka Matema. Upande wa tambarare tulipanga vyombo vyetu, mimi nikafunga khanga mbili na kuingia ziwani, mwanamke wa miaka 64 aliyelowana mbele za watu, nikisimama mahali ambapo maji yalinifika mapajani, na watoto wakaogea kati yangu na nchi kavu. Mdogo alikataa kuingia kwa saa nzima. Alikaa kwenye mchanga akichimba. Hatukumsukuma. Kisha alikuja ukingoni, akainama akaliangalia goti lake, akaanza kutembea akiusema ubeti kwa sauti, akiruka ule mstari wa kwanza ambao haukumhusu.

Binti yangu alikuwa amesimama nyuma yake, suruali ameikunja. Aliusikiliza mpaka mwisho.

"Mstari wa tatu, Mama," akasema. "Unasema tushikane mkono."

Nikanyoosha mkono wangu. Mtoto alikuwa bado hatua mbili kutoka nilipo, anahesabu.