Je, Hadithi ya Kubuni ni Uongo?



Limenifikia zaidi ya mara moja swali ambalo nadhani limepita pia katika nyumba yako huko pwani, nalo ni hili: kijana wa Kiislamu akikaa na kalamu yake akabuni watu ambao hawakupata kuzaliwa, na mji ambao haukupata kujengwa, na mambo ya ajabu ambayo hayakupata kutukia, je, huyo ameandika uongo? Na mzazi wake akimwona, amnyang'anye daftari au amwache? Naomba ruhusa yako nilijibu kwa urefu kidogo, kwani huku niliko mimi jambo hili limekwisha kuingia barazani.

Mimi nasomesha Kasulu, katika nyanda za juu za mkoa wa Kigoma, nchi ya Waha, nchi ya baridi na migomba. Hapa wapo vijana wa sekondari, wasichana kwa wavulana, waliofanya chama chao cha kusoma visa vya ajabu, na chama hicho kina gazeti lake: kurasa za daftari zilizopigwa fotokopi na kubanwa kwa pini, nakala chache tu, zinazopita mkono hata mkono mpaka zikachakaa. Sharti la gazeti ni kwamba kila kisa kitokee katika mji mmoja ambao wote wameubuni pamoja, mji ulio juu ya kisiwa cha Ziwa Tanganyika kisichoonekana ila usiku wa mbalamwezi. Mmoja ameleta mfua chuma, wa pili ameleta binti wa mfua chuma, wa tatu huwachukua wote wawili akawapeleka safari. Nami pia nimechangia visa viwili. Nilimleta kadhi wa mji huo, mzee mwenye usingizi mwingi, lakini ambaye hakati shauri mpaka asikie pande zote mbili.

Mmoja wa waandishi wale hakai mjini kwetu. Yeye anaishi na mama yake katika kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi waliovuka ziwa kutoka Kongo. Mkimbizi hatoki kambini bila ya kibali, basi hadithi zake huja naye mwenyewe haji. Kijana huyu ndiye aliyembuni mvushaji, mwenye mtumbwi anayewavusha watu mpaka kisiwani, wala hawatozi nauli ila kila abiria amwambie jina la mtu mmoja anayemkumbuka.

Sasa turudi kwenye swali. Baba mmoja alinijia baada ya sala ya Alasiri, gazeti liko mkononi, akaniambia, "Sheikh, haya si yatachomwa? Mtoto wangu hasemi uongo nyumbani, leo anauandika na wewe unamsaidia!" Nilimheshimu kwa hofu yake, maana mzazi asiyehofia ulimi wa mwanawe amechoka kulea. Lakini nilimwuliza: uongo ni nini? Uongo ni kumwambia mtu jambo lisilokuwa kweli ukitaka alisadiki. Anayekuuzia maziwa yaliyotiwa maji anataka uamini kuwa ni maziwa. Lakini bibi yako alipokusimulia habari za sungura na fisi, alianza kwa kutaka idhini yako, na wewe na wenzako mkaitikia kwa kuuita uongo wenyewe uje, na utamu wake ukolee. Hapo nani amemdanganya nani? Mapatano yamefanyika mlangoni, kabla ya kuingia ndani.

Wala wanavyuoni wetu hawakuwa wageni wa jambo hili. Kitabu cha Kalila wa Dimna, alichokitia katika Kiarabu Ibnul-Muqaffa katika karne ya pili ya Hijra, ni maneno ya wanyama tangu mwanzo hata mwisho, na kimesomwa na watu wa dini na wa dola. Al-Hariri wa Basra, aliyefariki mwaka 516 wa Hijra, yaani 1122, aliandika Maqamat hamsini juu ya mzururaji mmoja mwenye ulimi mtamu, Abu Zayd wa Saruj, na kitabu hicho kikawa chuo cha lugha kwa wanafunzi wa madrasa karne kwa karne. Katika dibaji yake al-Hariri aliliona swali hili hili la baba yule, akajitetea kwa visa vya wanyama, kwamba hakuna aliyesikiwa akivikimbia. Tena akakiri kuwa njia ile aliitangulia mwingine, Badi'uz-Zaman al-Hamadhani, aliyefariki mwaka 1008.

Nikupe mfano ulio karibu zaidi na kazi ya vijana wetu. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliandika kisa alichokiita Hayy bin Yaqdhan, maana yake Aliye Hai mwana wa Aliye Macho. Zaidi ya miaka mia baadaye Ibn Tufayl wa Andalusi, aliyefariki mwaka 1185, alilichukua jina lile akambuni mtoto aliyelelewa na paa jike katika kisiwa kisicho na watu, akamjua Muumba wake kwa kutazama na kufikiri. Kisha akaja Ibn an-Nafis, tabibu mkubwa aliyefariki mwaka 1288, naye akamjibu kwa kisa chake mwenyewe cha mtu wa kisiwani, kuonyesha kuwa akili ya binadamu humhitaji Mtume. Hao ni mabwana watatu wa elimu, waliojadiliana mambo mazito kwa kupokezana kisa kama watu wanaopokezana mzigo njiani. Kama kubuni kungekuwa uongo mtupu, tungewafanyaje watu hawa?

Lakini, ndugu yangu, usinishike kwa nusu ya maneno. Mpaka upo, nao ni mkali.

Katika Kiswahili chetu neno hadithi lina maana mbili: kisa cha sungura ni hadithi, na neno lililopokewa kwa Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) ni hadithi. Hizi mbili zinashirikiana jina tu, na ole wake anayezichanganya! Mtume ametuonya kwamba anayemzulia uongo kwa kusudi ajiandalie makao yake Motoni. Wasimulizi wa zamani waliokaa misikitini kuwaliza watu kwa visa vya kutunga waliwatia wanavyuoni kazi kubwa, na Ibnul-Jawzi, aliyefariki Baghdad mwaka 1201, aliandika kitabu kizima juu ya wasimulizi na wawaidhi, na kingine cha kukusanya hadithi zilizozuliwa. Hata tenzi zetu tuzisome kwa macho mawili. Bwana Mwengo wa Athumani alitunga huko Pate, mwaka 1728, utenzi mkubwa wa Tambuka, na ndani yake mna vita vikali na majeshi ya Herekali. Walakini katika sira, safari ya Tabuk ya mwaka wa 9 wa Hijra ilikwisha bila ya mapigano na Warumi. Utenzi ni hazina ya lugha yetu, na mwenye kuusoma ajue kuwa anasoma utenzi. Kwa hiyo vijana wetu niliwawekea sharti la kwanza: katika kisiwa chenu asiingie Mtume wala Sahaba, wala msitie aya kinywani mwa jini.

Sharti la pili nililipata kwa kisa cha mbali. Mwaka 1923, mwaka ule ule ambao Dar es Salaam lilianza gazeti la Mambo Leo, ambalo wasomaji walilipelekea mashairi na barua zao, huko Marekani lilianza gazeti la visa vya kutisha lililoitwa Weird Tales. Mwandishi wake mmoja aliyejulikana sana ni H. P. Lovecraft, aliyefariki mwaka 1937. Yeye alibuni miungu ya kutisha na vitabu vya kutisha, kisha akawaachia rafiki zake waandishi wavitumie katika visa vyao, naye akavitumia vya kwao. Kitabu kimojawapo alikiita Necronomicon, akadai kiliandikwa na Mwarabu mwendawazimu aitwaye Abdul Alhazred. Jina hilo alikuwa amejitungia utotoni, alipopenda kujifanya Mwarabu baada ya kusoma Alfu Lela Ulela.

Mwanafunzi wangu yeyote wa nahau atacheka. "Abdul" ni nusu ya jina, maana "al" imekwisha kuwamo, na anayeitwa mja lazima awe mja wa Mwenyezi Mungu kwa mojawapo ya majina Yake. Lakini jambo lenyewe si la kucheka tu. Kwa vile waandishi wengi walikitaja kitabu kile, mmoja baada ya mwingine, walitokea wasomaji waliosadiki kuwa kipo, wakakitafuta, hata Lovecraft akawa anawaandikia kuwaeleza kuwa amekibuni mwenyewe. Na huyo "Mwarabu mwendawazimu" amebaki katika vichwa vya watu ambao huenda hawajapata kuketi na Mwarabu hata mmoja. Barua za Lovecraft zina kebehi nyingi kwa watu wasiokuwa weupe, basi si ajabu. Hapo ndipo sharti la pili: kila toleo liandike juu yake kwamba yaliyomo ni ya kubuni, wala kabila la watu au dini ya watu isifanywe kinyago cha kutishia watoto.

Hata hivyo nimeona kwao adabu moja ya kuigwa. Mwaka 1935 kijana mmoja, Robert Bloch, ambaye hakuwa hata na miaka ishirini, alitaka kumwua ndani ya kisa chake mtu aliyefanana na Lovecraft. Aliomba idhini kwanza, naye akapewa kwa maandishi, kwa mzaha mwingi, na mashahidi wa barua ile walikuwa watu wa kubuni, akiwamo yule Mwarabu. Mwaka uliofuata kikatoka kisa cha Lovecraft ambamo anakufa mtu mwenye jina lililofanana na la Bloch. Wakacheka wote wawili, kwa sababu ya ile idhini.

Kwetu idhini haikuombwa. Mwandishi mmoja wa gazeti letu, mwenye kipaji na haraka, alitaka tufani katika kisa chake, akamzamisha mvushaji. Mistari mitatu tu, mtumbwi ukapinduka, basi. Yule kijana wa Nyarugusu hakuleta hadithi mwezi ule, wala mwezi wa pili. Mchukuaji wa karatasi zetu akatuletea sababu: baba wa kijana alikuwa mvuvi upande wa Fizi, akatokomea wakati wa vurugu, na mpaka leo hakuna aliyemwona hai wala aliyeuona mwili wake. Mvushaji alikuwa baba.

Vijana waliponijia wameinamisha vichwa, mmoja alisema, "Sheikh, tuandike kwamba amefufuka." Nikakataa, kwani kufufua si kazi yetu. Lakini nikakumbuka mlango wa fiqhi ambao nimeusomesha miaka mingi, mlango wa mafqud, yaani mtu aliyepotea isijulikane kama yu hai au amekufa. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii mtu huyo huhesabiwa yu hai, na mali yake hairithiwi, mpaka upatikane ushahidi wa kifo chake, au upite muda ambao mfano wake hadhaniwi kuishi tena, na kadhi ahukumu. Nilipeleka maneno kambini kutaka idhini ya kijana, nikataka na ya yule mwenziwe. Wote wawili waliporidhia nikaandika kisa changu cha tatu.

Katika kisa hicho watu wa kisiwani wanakuja kwa kadhi wakitaka kuugawa mtumbwi wa mvushaji. Kadhi anaamka usingizini, anauliza, "Nani ameuona mwili?" Wanasema, tumeona tufani. Anawajibu kuwa tufani si shahidi. Anahukumu kwamba mvushaji ni mafqud, mtumbwi wake ufungwe gatini uwe amana, na kila mwezi upakwe mafuta usipasuke.

Toleo lililofuata, karatasi zilikuja kutoka Nyarugusu. Kijana hakumrudisha baba. Aliandika juu ya mtoto aliyepewa kazi ya kuupaka mafuta ule mtumbwi.

Mzazi mwenzangu, nimeyaeleza haya ili uone kwamba sharti la tatu, la kuombana idhini, halikutoka katika adabu ya uandishi peke yake. Anayekukabidhi mtu wake wa kubuni amekukabidhi amana, na hujui ndani yake amemfunga nani. Na sharti la nne ni jina. Visa vya Aladini na Ali Baba havikuwamo katika nakala za kale za Alfu Lela. Vilisimuliwa Paris mwaka 1709 na Mkristo wa Halab, Hanna Diyab, kumsimulia mfasiri wa Kifaransa Antoine Galland, naye Galland akavichapa bila ya kulitia jina la msimulizi. Dunia nzima ikavifurahia visa, na mwenyewe akasahauliwa muda mrefu. Basi katika gazeti letu kila kisa kina jina chini yake, na kila aliyeazima mtu wa mwenziwe huandika, "nimemwazima kwa fulani."

Yule baba wa Alasiri nilimpa majibu haya haya. Hakusema kitu, alilikunja gazeti akalitia mfukoni. Mwanawe angali anaandika.

Ukimkuta mtoto wako na daftari la namna hii, usikimbilie kiberiti. Keti naye, msome, muulize watu wale ni nani na wametoka wapi. Mtoto anayejua kutenga la kubuni na la kweli katika karatasi, huenda akajua kuyatenga pia sokoni na katika simu yake, ambamo kila siku huletewa maneno yaliyozuliwa kwa jina la dini bila ya onyo lolote juu yake.

Mwenyezi Mungu azihifadhi ndimi zetu na kalamu za watoto wetu, na awarejeshe waliopotea kwa wanaowangoja. Amin.

Wabillahi tawfiq.