Mto Uliokuwa Mlangoni kwa Mkwe Wangu



Nimeisomesha hadithi ya mto kwa zaidi ya miaka 30. Ni ile mashuhuri ambamo Mtume (s.a.w.) aliwauliza Masahaba juu ya mtu mwenye mto mlangoni pake, akawa anaoga humo mara tano kila siku, kisha akaufananisha mto huo na sala tano. Watoto wa chuoni huipenda kwa kuwa ni nyepesi kuihifadhi, nami nina ada ya kuwauliza, "Nani kwao kuna mto?" Hakuna anyoshaye mkono. Sisi ni watu wa visima na bahari. Watoto hucheka, nami huendelea na hadithi nyingine.

Lililonipita miaka yote hiyo ni kwamba nyumbani kwangu mwenyewe, mama watoto alizaliwa katika nyumba ambayo mto ulikuwa mlangoni pake hasa, na sikuwahi kumwuliza habari zake.

Mkwe wangu, Allah amrehemu, alikuwa mtu wa Mombasa aliyeajiriwa katika reli zama za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, kabla shirika lile halijavunjika mwaka 1977. Alipelekwa stesheni ya Turbo, ng'ambo ya Eldoret kwenye njia iendayo Uganda. Akaipenda nchi ile. Alipostaafu hakurudi pwani, bali alijenga nyumba ya mabati katika kijiji kidogo kando ya mto Kipkarren, si mbali na mji wenyewe, akafungua duka la sukari, chumvi na mafuta ya taa. Mama watoto alikulia hapo mpaka alipoletwa Mombasa kwa shangazi yake kusoma, na kwa shangazi huyo ndiko nilikokwenda kuposa. Kwa hivyo Turbo sikufika kwa posa, sikufika kwa harusi, wala kwa kupeleka watoto kumwona babu yao. Yeye ndiye aliyekuja kwetu, kila Idi.

Nakiri kwamba nilikuwa na kiburi cha watu wa bandarini. Mama watoto akiutaja ule mto, nikimjibu, "Bahari yote hii haikutoshi?" Nikidhani mto wa bara ni matope yanayotembea tu. Mara nyingine alisema anatamani watoto wauone mchanga aliouchezea. Nikacheka. Mchanga! Mtu wa Mombasa apande gari siku nzima kwenda kutazama mchanga!

Kisha ikaja Desemba 2007 na Januari 2008. Wasomaji wanaikumbuka, na Turbo ni miongoni mwa miji iliyotajwa hata katika mahakama ya kimataifa kule The Hague, kwa hiyo sitarefusha. Nyumba ya mkwe wangu ikachomwa pamoja na duka. Jirani yake, mama wa Kinandi, alimficha na mkewe siku mbili katika ghala la mahindi, kisha mwanawe akawapeleka usiku mpaka kituo cha polisi. Walifika Mombasa wakiwa na nguo walizovaa na birika moja. Kiwanja kikauzwa mwaka uliofuata kwa bei ya kutupa.

Mzee aliishi kwetu miaka minne. Alikuwa akikaa barazani baada ya alasiri, na kila baada ya wiki kadhaa aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, utanipeleka lini nikauone mto?" Nami nikijibu, "Inshallah." Ninyi mnaijua inshallah ya namna ile. Si ile ya mtu aliyeazimia kisha akamkabidhi Mola wake jambo lake, bali ni ile tunayoitumia kuwafungia watu mlango polepole wasisikie sauti ya komeo. Mimi, mwenye kusomesha watu maana ya neno hilo, ndivyo nilivyolitumia kwa mzee wa watu. Alifariki mwaka 2012 bila kwenda.

Mama watoto hakunilaumu. Lakini tangu siku ya khitima hakuutaja mto tena, nami nilishukuru kwa kunyamaza kwake, jambo ambalo sasa naliona ni baya kuliko yote.

Mwaka jana mjukuu wetu alipewa na mwalimu wake kazi ya kuandika walikotoka wazee wake. Akauliza, "Bibi, kwenu wapi?" Akajibiwa, "Turbo." Mtoto akanigeukia, "Babu, wewe umefika?" Bibi yake alikuwa akisuka mkeka, wala hakuinua kichwa. Jioni ile nilimtuma kijana wangu akatukatie tiketi za treni ya Nairobi kwa likizo ya Desemba.

Tulikuwa watu sita: sisi wawili, kijana wangu na mkewe, na wajukuu wawili. Kutoka Nairobi mpaka Eldoret ni kama kilomita 310 kwa barabara, na mji ule uko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Baridi yake usiitanie. Tulifikia hapo, tukenda Turbo na kurudi kwa siku mbili kwa matatu, mwendo wa zaidi ya kilomita 30, tukipishana na malori yaendayo Malaba. Mahindi yalikuwa yamekwisha kuvunwa. Kando ya njia kuna misitu iliyopandwa kwa ajili ya kiwanda cha karatasi cha Webuye, na mama watoto, ambaye Mombasa hunyamaza garini, alikuwa akiwaonyesha watoto hiki na kile bila kupumzika.

Tulipofika kijijini, yule jirani alikuwa hai. Mzee sana, amekaa juani na blanketi mabegani. Mama watoto akamwendea, akamwinamia, akasema, "Chamgei." Bibi yule akamtazama kitambo, kisha akamshika uso kwa mikono miwili, na yakafuata maneno ya Kinandi kama mvua, huku na huku, kucheka na kulia pamoja. Tumeoana takriban miaka 30. Nilijua kuwa anayajua maneno mawili matatu. Sikujua kuwa mke wangu ana lugha nzima ambayo sikuwahi kuisikia kinywani mwake.

Tukaletewa mursik katika kibuyu, na mama watoto akatueleza jinsi kibuyu kinavyosuguliwa ndani kwa makaa ya mti kabla ya kutiwa maziwa, ndipo yakawa na madoa ya kijivu. Mkaza mwana aliyaonja kwa adabu. Mimi nilimaliza kikombe, nikaongezwa.

Nilikuwa nimewaahidi wajukuu kwamba wataona wanyama, na katika fikra zao ni simba. Wakaona tumbili wakiokota mahindi yaliyosalia shambani, na mdiria mwenye rangi ya samawati akijitupa majini na kutoka na samaki. Upande wa pili palikuwa na korongo taji wawili wakitembea kwenye majani kama watu wenye kazi serikalini. Mdogo alilalamika, "Twiga wako wapi?" Hapo ndipo mama watoto alipowaambia neno ambalo nami nilikuwa silijui, nikalitafuta baadaye nikaliona ni kweli: twiga walikuwapo katika nyanda hizi, na wale wa kwanza waliolelewa Lang'ata, Nairobi, ambako leo shule zetu huwapeleka watoto kuwalisha, walichukuliwa mwaka 1974 kutoka shamba kubwa la Soy, si mbali na Turbo, lilipokuwa linauzwa na kugawanywa. Babu yake alipokuwa akifanya kazi stesheni, hilo lilikuwa jambo la karibu sana. Bibi yule jirani alitutajia pia kinamasi cha Kingwal huko Nandi, waliko swala wa majini waitwao nzohe. Hatukupata wasaa wa kufika.

Jambo jingine lililonishangaza ni mwendo wa maji yenyewe. Mimi nilidhani mito yote ya Kenya hushuka kwetu, kama Tana na Sabaki. Kumbe Kipkarren huupokea Sosiani utokao Eldoret, kisha huingia Nzoia, na Nzoia huingia Ziwa Victoria, na maji ya ziwa hilo ndiyo yatokayo kuwa Naili. Nikawaambia wajukuu kwamba maji haya yanakwenda Misri, kwenye mto ule ule aliotiwa Nabii Musa (a.s.) ndani ya kisanduku. Mkubwa akachuma jani, akalitupa majini, akalisindikiza kwa macho mpaka likapotea kwenye kona.

Sasa nije kwenye jambo linalowahusu akina mama, kwani nimeulizwa mara nyingi juu ya kuoga baharini. Jibu langu huwa ni lile lile: pawe mahali penye stara, mbali na macho ya wanaume, na nguo ziwe za heshima. Jibu ni sahihi, lakini nilikuwa nalitoa bila ya kufikiri ni wapi Mombasa mahali hapo panapatikana. Ufuo wa umma siku ya Idi au mwezi wa Desemba hauna pa kuweka mguu, na sehemu zilizo tulivu zimezungukwa na kuta za mahoteli. Wanawake wetu wanaishi hatua mia mbili kutoka majini, na wengi wao mara ya mwisho kuyaingia ilikuwa kabla ya kubaleghe. Pale kijijini, jirani aliwapeleka nyuma ya kona ya mto iliyofunikwa na miti, kwenye mchanga mweupe ambao mama watoto alinieleza miaka yote nikacheka. Ni mahali pa wanawake tangu zamani. Wanaume wa kijiji hawapiti saa zile. Sisi wanaume tukakaa juu ng'ambo ya mashimo ya wachimba mchanga. Nilisikia vicheko. Mkaza mwana, ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti, alikuwa akipiga kelele kama mtoto kwa baridi ya maji.

Naongeza tahadhari kwa watakaokwenda. Mto si bahari. Hauna mawimbi ya kukuonya, na mkondo wake huvuta chini kwa chini. Yale mashimo ya mchanga huwa marefu ghafla, na mvua ikinyesha juu maji hupanda hata kama hapo mlipo kuna jua. Wasiingie watoto bila mtu mzima mwenyeji, na maji yake msiyanywe, kwani yamekwisha kupita mjini.

Siku ya pili alasiri tulikwenda penye kiwanja. Misingi ya nyumba ingaliko, na ndani yake mabua ya mahindi ya mwenyewe wa sasa. Mpera mmoja umebaki. Nilikuwa nikiogopa saa hiyo, lakini mama watoto alipita kama apitaye penye nyumba ya mtu mwingine, akateremka moja kwa moja mpaka ukingoni, akawa anatafuta kitu kwa mguu kwenye majani. Mjukuu wa jirani akamwuliza kama anatafuta jiwe la Mswahili. Sote tukamtazama. Mtoto huyo hakumdiriki mkwe wangu duniani, lakini hilo ndilo jina analolijua: jiwe bapa, nusu yake sasa imemezwa na maji, ambalo mzee alikuwa akikaa kutawadhia asubuhi na jioni.

Mama watoto akakaa juu yake, akatawadha. Nami nikatawadha baada yake, mahali pale pale, tukatandaza leso mbili mchangani, tukasali alasiri rakaa mbili za msafiri. Maji yalikuwa ya baridi kiasi cha kuuma vidole. Nilipotoa salamu nilimwombea mzee, na nikamwomba Allah anisamehe ile inshallah ya miaka minne. Kwa mama watoto sikuwa na maneno. Nilimwambia tu, "Nisamehe, nilikuwa sijui." Akasema, "Hukuuliza."

Kisha akavua viatu akanipa nimshikie, akaingia majini mpaka magotini akiwa ameshika buibui lake kwa mkono mmoja, akasimama ametupa mgongo. Nilitaka kumwita, kwa kuwa matatu ya mwisho ya mchana ilikuwa karibu kupita. Jirani, aliyekuwa ameshikiliwa na mjukuu wake, akaniambia kwa Kiswahili chake cha pole pole, "Mwache." Basi tukamwacha. Matatu ikapita, tukaisikia honi yake barabarani, ikatubidi tungoje mpaka magharibi.