Tuwapeleke Wapi Watoto Wetu Kuiona Bahari?

Sisi tunaokaa Temeke, Kinondoni na Kigamboni huitwa watu wa pwani. Samaki tunamla, upepo wa bahari unatufikia, na honi za meli bandarini tunazisikia usiku. Lakini hebu uliza nyumbani kwako: ni wangapi humo waliokwisha kuiona bahari kwa ndani? Mtoto wa Mbagala au wa Tandale aweza kutimiza miaka 18 akiijua bahari kwa juu tu, siku ya Idi pale Coco au Kigamboni, maji yakimfika magotini. Jambo hili si dogo. Mtu asiyekijua kitu hakionei uchungu kinapoharibiwa.

Kwa sababu hiyo, nyumba yangu ilipojaaliwa kuweka akiba kwa muda wa miaka miwili, tuliazimia kwamba likizo ya Desemba twende tukazamie. Nasema kuzamia kwa mtungi wa hewa mgongoni, jambo ambalo wengi wetu hudhani ni la watalii peke yao. Kweli chombo kile kilibuniwa Ufaransa mwaka 1943 na Jacques Cousteau pamoja na mhandisi Émile Gagnan; lakini kupiga mbizi kwenyewe ni kazi ya wazee wetu, waliokuwa wakishuka kwa pumzi moja kutafuta kome na majongoo ya bahari. Basi hatukwendea jambo geni.

Nakuandikia, msomaji, kukueleza tulivyoshauriana kuhusu mahali pa kwenda, maana katika kuchagua kule yalitokea mambo yanayomhusu kila mwenye familia.

Swali la kwanza: Nani anakwenda?

Watu wengi huanza kwa kuuliza: mahali gani ni pazuri zaidi? Swali hilo si baya, ila si la kwanza. La kwanza ni kujua nani anakwenda. Sisi tulikuwa sita: mimi na mke wangu, mama yangu mzazi ambaye amepita miaka 70, binti yetu wa miaka 16, kijana wetu wa miaka 14, na mdogo wao wa miaka 7. Yule mdogo hakuwa na la kusema, kwani shule za uzamiaji hazimfundishi baharini mtoto aliye chini ya miaka 10. Mama naye alisema mapema, "Mie nitakaa chomboni, niwaombee dua."

Mtihani ulikuwa kwa yule kijana. Tangu utotoni ana pumu. Na kabla ya kufundishwa kuzamia, kila mtu hupewa karatasi ya maswali ya afya: je, una maradhi ya moyo? Je, una kifafa? Je, una pumu? Ajibuye "ndiyo" hutakiwa kwanza apate ruhusa ya daktari. Tulimpeleka. Daktari alimpima, akasema kwamba kuogelea juu ya maji kwa miwani na mrija anaweza, dawa yake ikiwa karibu. Lakini kuzamia kwa mtungi, si kwa wakati huu.

Sababu yake yafaa kila mzazi aijue. Ukishuka mita 10 tu, uzito wa maji na hewa juu ya mwili wako huwa mara mbili ya ule wa juu. Pumzi ya kujaza mapafu uliyoivuta pale chini, ukipanda nayo bila kuitoa, hutaka nafasi mara mbili. Ndiyo maana sharti la kwanza la mzamiaji ni kutozuia pumzi kamwe, na kupanda polepole. Mwenye pumu, njia zake za hewa zikibana akiwa chini, hewa yaweza kunasa ndani na kulipasua pafu. Hata mtu hodari hawezi kushindana na jambo hilo.

Kijana alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu akanijia baada ya chakula cha usiku akasema, "Baba, andika hapana. Mbona mwaka huu sijabanwa hata mara moja?" Na jirani mmoja, mtu mwema tena anayetupenda, naye aliniambia, "Bwana, zile karatasi ni za kawaida tu. Jaza hapana, mtoto asivunjike moyo."

Msomaji mpenzi, angalia jinsi uwongo unavyoweza kuvaa kanzu ya huruma. Mimi nilimjibu kijana wangu, "Mwanangu, maji hayasomi karatasi. Nikiandika hapana, nitakuwa nimemdanganya mwalimu wako, lakini bahari sitakuwa nimeidanganya." Akainuka akaenda kulala bila ya kuniaga. Sikumlaumu. Ni vigumu kwa mtoto wa miaka 14 kuambiwa kwamba dada yake atapita mlango ambao yeye hapiti.

Basi tangu usiku ule swali letu liligeuka. Hatukutafuta tena mahali ambapo mzamiaji angeona mengi zaidi. Tulitafuta mahali ambapo yule anayebaki juu ya maji hatakuwa amebaki nyuma.

Swali la pili: Wapi?

Tulipima mahali penye sifa nne.

Mnemba, kaskazini-mashariki ya Unguja, pana sifa kubwa, na miamba yake ina samaki wa kila rangi. Lakini kisiwa chenyewe kimekodishwa hoteli ya binafsi, na katika msimu vyombo hujazana juu ya miamba ile. Binti yetu alipataka sana kwa kuwa wenzake shuleni wamepasikia. Nikamwuliza, "Unataka kuona, au unataka kusema kuwa umeona?" Akacheka, akalifuta mwenyewe jina lile kwenye karatasi.

Pemba nayo ni mahali pa ajabu. Mkondo wa bahari kati yake na bara una kina cha zaidi ya mita 700, na kuta za matumbawe hushuka wima mpaka gizani. Na upande wa magharibi kipo kisiwa cha Misali, ambacho wenyeji husimulia kwamba kilipata jina kutokana na msala: Nabii Khidhri, wanasema, aliwaomba wavuvi msala, na walipomwambia hawana akakifanya kisiwa chenyewe kuwa mahali pake pa kusali. Wavuvi wa Pemba wamefundishwa kuitunza bahari ya Misali kwa kukumbushwa kuwa binadamu ni mwekwa amana tu juu ya ardhi. Moyo wangu ulikuwa huko. Lakini mikondo ya Pemba ina nguvu, na sehemu nyingi zake zinamfaa mzamiaji aliyekwisha kuzoea. Sisi tulikuwa wanafunzi.

Bongoyo na Mbudya ziko mlangoni petu. Mtu wa Kinondoni huenda asubuhi na kurudi jioni. Visiwa hivi vilitangazwa kuwa hifadhi ya bahari mwaka 1975. Hata hivyo miamba ya Dar es Salaam imeteswa sana na uvuvi wa baruti. Mwaka 2015 watafiti walisikiliza chini ya maji katika pwani ya Tanzania wakarekodi milipuko zaidi ya 300, na mingi yake ilikuwa jirani na jiji hili letu. Baruti huua samaki mkubwa, mdogo na mayai, na huvunja nyumba yao. Tumbawe lililojengwa kwa miaka mingi huwa kifusi kwa dakika moja. Pamoja na hayo tuliamua kwamba Mbudya itakuwa darasa letu la kwanza, na kwa Jumapili kadhaa watoto walijifunza hapo kuelea na kupumua kwa mrija.

Mwisho tukafika Mafia. Hifadhi ya bahari ya Mafia ilianzishwa mwaka 1995, nayo ndiyo ya kwanza ya namna yake nchini. Eneo lake ni kilomita za mraba 822, na vijiji vimo ndani yake, watu wakiishi na kuvua kwa masharti. Ghuba ya Chole ina maji ya kina kidogo yanayomfaa anayeanza. Na jambo lililotuamulia ni hili: mbele ya Kilindoni, kati ya Oktoba na Machi, huonekana papa potwe, samaki mkubwa kuliko samaki wote duniani, ambaye hana haja na nyama ya mtu, hula viumbe vidogo mno vinavyoelea majini. Naye hulishwa na bahari pale pale juu. Kumwona papa potwe hakuhitaji mtungi. Anayeogelea kwa miwani na mrija humwona vizuri.

Nilipomweleza kijana wangu hayo alinitazama kwa muda, kisha akauliza, "Dada akiwa chini na mtungi wake, hatamwona zaidi yangu?" Nikamwambia, "Safari hii wote mtakuwa juu."

Swali la tatu: Kwa njia gani, na kwa kiasi gani?

Mwenye fedha hupanda ndege ndogo na kufika Mafia kwa muda usiozidi saa moja. Lakini ajue kwamba aliyezamia mara kadhaa hushauriwa kungoja saa 18 kabla ya kuruka, kwa sababu hewa ya naitrojini iliyoingia mwilini chini ya maji huhitaji muda wa kutoka. Sisi tulipanda basi Mbagala Rangi Tatu mpaka Nyamisati, na hapo tukapanda chombo kwenda Kilindoni. Fedha tuliyookoa tukailipia mafunzo ya binti. Hatukukopa, wala hatukuuza kitu. Safari inayomwacha mtu na deni la mwaka mzima si mapumziko, ni israfu.

Desemba tuliichagua kwa sababu ya upepo. Wakati wa kusi bahari huchafuka. Masika maji ya mito huiletea tope. Lakini kaskazi inapoanza maji huwa meupe. Nahodha yeyote mzee wa pwani atakwambia hivyo bila ya kitabu.

Tuliyoyaona

Binti yetu alizamia Chole mita 10. Aliporudi juu hakuzungumza mpaka tulipofika ufukweni. Kisha akamweleza bibi yake juu ya matumbawe, yapi yako hai na yapi yalikufa katika joto la mwaka 1998, kwani mwalimu wake alimwonyesha yote mawili.

Siku ya papa potwe tulikaa chomboni tangu asubuhi. Mama alikuwa ameishika dawa ya kuvuta ya mjukuu wake kwenye ncha ya kanga. Nahodha akaonyesha kivuli, na watoto wale wawili wakashuka majini pamoja. Samaki yule alipita taratibu, mgongo wake una madoa meupe kama nyota, mrefu kuliko mashua yetu. Walikatazwa kumgusa, wala hawakumgusa. Kijana wangu alipopanda chomboni alikuwa akitetemeka. Bibi yake akampa dawa, naye akatikisa kichwa: hakubanwa, ni furaha tu. Alipotulia akasema, "Bibi, nimemwona jicho." Kisha akanigeukia mimi, mara ya kwanza tangu usiku ule wa karatasi, akasema, "Baba, ahsante."

Mazingatio

Ndugu msomaji, huenda wewe huna nia ya kuzamia, na huenda akiba yako ni ya nauli ya Mbudya tu. Hapana neno. Lakini siku utakapotaka kuitoa familia yako, mahali popote pale, anza kwa kumtazama aliye dhaifu kuliko wote, kisha umchagulie yeye kwanza. Wenye nguvu watapata sehemu yao hapo hapo. Dhaifu hapati sehemu yake mahali palipochaguliwa kwa ajili ya wenye nguvu.

Pili, jaza karatasi kwa ukweli, hata kama mtoto atanuna. Kununa hupita.

Tatu, uliza wenyeji wa mahali unapokwenda wanapata nini kwa kuja kwako, na usiwaharibie. Usisimame juu ya tumbawe, usichukue kombe hai, usimnunue kobe wala gamba lake. Bahari tumeazimwa, na wenyewe ni hawa watoto tunaowapeleka kuitazama.

Wabillahi taufiki.